Minyoo Inayojua Siku ya Jumatatu

Kasenga, Uvira
Jumapili, tarehe 8 Oktoba 2023

Kwako Ernestine, binti yangu,

Kama kuna watu wanangoja nguo zao hapo kwenye mashini yako, wafukuze kwanza, kisha usome. Barua ya mama haisomwi ukiwa na sindano mudomoni.

Minye ningali hai. Goti la kushoto linauma, la kulia linacheka la kushoto, zamu yake inakuja. Ziwa limepanda tena hatua mbili kuelekea ukuta wa kanisa. Padri anasema tuombe. Nimemwambia aombe yeye, sisi tutahamisha mabenchi. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mumoja akafa, hakuna wa kulaumu.

Uliuliza kwa nini siongei nawe kwa simu. Simu inakaa chumba kimoja na mutoto wako Ornella, na Ornella ana masikio ya popo. Kisha weye kwenye simu unalia dakika tatu, inakatika, na mimi nabaki nimeambiwa nini? Machozi. Barua hailii. Gaspard, mekanisie wa injini ya boti, ataileta mpaka Kalemie. Nimempa visamaki vya ndagala vya kufunga mudomo wake, ingawa naona mudomo ule hauna kifuniko.

Sasa neno lenyewe. Ornella iko na tumbo la kuuma.

Jumatatu asubuhi, tumbo. Jumanne, tumbo. Ijumaa anatapika chai juu ya viatu vyangu. Jumamosi anakula bugali kama askari aliyetoka porini. Jumapili muchana anaruka kamba na Noella wa hapo jirani, jioni tumbo linaanza kubisha mulango tena. Nimempa dawa ya minyoo mara mbili. Nimemchemshia majani ya mubirizi, machungu mpaka mimi niliyeshika sufuria nikatukana. Haikutoka hata minyoo mumoja. Nikaanza kujiuliza: minyoo gani hii inayojua siku ya Jumatatu? Mimi niliishia mwaka wa nne wa shule. Hii imepita mbele yangu.

Na maswali anayoniuliza mimi bibi yake! "Tate, ukifa nani atafunga mulango usiku?" "Tate, boti ya mama inaweza kuzama?" "Tate, wale wanacheka, wanatucheka sisi?" Mwaka jana alikuwa mutoto wa kuimba akienda chooni. Sasa kabla ya kwenda chooni anauliza nani iko kwenye njia. Ana miaka tisa tu. Kucha amezila zote, nangoja aanze zangu.

Minye naona ni uvivu uliovaa nguo ya ugonjwa. Mwandikie maneno makali. Makali yangu ameyazoea kama moshi wa jikoni.

Gaspard anasema uso wako umekuwa wa mviringo. Kalemie mumepata sukari gani?

Ni mimi mama yako, Bernardine, niliyeandika kwa mukono wangu bila kusaidiwa na muntu wa diploma.


Kalemie, tarehe 29 Oktoba 2023

Mama mpenzi,

Barua yako imefika ikinuka mazuti ya boti na ndagala. Nililia kabla sijaifungua, kwa hiyo hapo umeshindwa: barua nayo inaliza.

Huku ni salama. Kazi ipo, wateja wanataka nguo jana na wanalipa kesho kutwa. Nakuombea hayo magoti. Pole kwa pacha wa mbuzi.

Mama, hilo tumbo limeanza lini? Mwezi wa sita nilipokuja alikuwa mzima, alikuwa anacheza hata na vivuli. Kuna muuguzi ninayemshonea blauzi, nikamsimulia. Akaniambia mtoto akifika miaka minane, tisa, kumi, anaanza kujitazama kwa macho ya wenzake. Zamani alijua kwamba ni mzuri kwa sababu wewe ulimwambia. Sasa anataka kujua wanasemaje darasani. Akiogopa hana maneno ya kusema woga wake, basi tumbo linasema badala yake. Na si uongo, Mama. Linauma kweli.

Nakuomba usimchape. Usimpe tena majani. Muulize polepole, mkiwa mnafanya kazi ya mikono, wala usimkazie macho. Na uende kumwona mwalimu wake, Madamu Nicole.

Mwambie nitakuja Krismasi. Nimemshonea sketi ya shule, Gaspard anayo.

Kuhusu uso wangu, upepo wa Kalemie ni mzuri.

Mtoto wako, Ernestine


Kasenga, tarehe 19 Novemba 2023

Kwa Ernestine wa upepo muzuri,

Nimepokea barua, nimepokea sketi. Sketi inamzunguka mutoto mara mbili. Naona ulishona ukifikiria kiuno chako.

Mbuzi aliyebaki anakua. Paa linavuja fasi ileile, nimeweka sufuria ileile. Wamama wa shirika la kanisa wanakusalimu. Shirika letu limechagua tena mimi kuwa mukubwa wa nyimbo, wasiojua kuimba wamenuna.

Huyo muuguzi wako amezaa watoto wangapi? Muulize. Eti tumbo linasema! La kwangu limesema miaka sitini na hakuna aliyeliandikia barua. Nilikimbia vita mara tatu, sufuria kichwani, weye mugongoni ukinikojolea. Sikuogopa. Nafasi ya kuogopa ilitoka wapi? Nilikuwa na zamu ya kupika.

Lakini usiseme sikujaribu. Jumamosi tulikaa kuchambua ndagala, kutoa mchanga na vijiti. Sikumkazia macho. Nilikazia macho ndagala mumoja mpaka tukafahamiana. Nikauliza: "Shuleni kuna nini?"

"Hakuna kitu, Tate."

"Hakuna kitu gani hicho kinachotapika?"

Akarudi kwenye ndagala zake. Nikaona njia ya muuguzi wako imeishia hapo.

Jumatatu nilimpeleka mimi mwenyewe, nimemshika mukono, barabara nzima inatutazama. Huyo Madamu Nicole ni musichana mwembamba mwenye sauti ya mbu. Anasema Ornella anajua masomo, kaye yake ya kuandikia ni safi. Lakini akiitwa ubaoni anaomba ruhusa ya chooni, na harudi mpaka somo liishe. Akasema na mengine juu ya mwezi wa saba, lakini kengele ilikuwa inalia na sikushika vizuri. Walimu wa siku hizi wanatafuta sababu kila fasi ila kwenye fimbo.

Kwa hiyo ni minyoo. Nimeamua. Iko dawa nyingine pale sokoni, ya unga wa njano.

Gaspard anangoja, anapiga honi kama muntu aliyeoa jana.

Bernardine

(Nyuma ya karatasi, kwa penseli)

Mama, ni mimi Ornella. Tate anatafuta viatu. Sina minyoo. Mwezi wa saba siku ya proklamasio ya matokeo, direkteri wa shule alisoma majina yote mbele ya wazazi, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Mimi nilikuwa wa 31, tuko 47. Aliposoma jina langu Tate akatoka na wamama wa shirika na ngoma, wakaimba, wakanimwagia pudre, ile poda nyeupe ya mwili, kichwani makopo mawili, mpaka ikaingia machoni. Wa kwanza hakumwagiwa hivyo. Watu wote walicheka, hata baba padri. Sasa wananiita Pudre. Nikienda ubaoni wananipulizia vumbi ya chaki kwenye nywele. Usimwambie Tate, atakuja kupiga watoto na itakuwa mbaya zaidi. Aliponimwagia alikuwa na furaha sana. Unakuja kweli kweli au unakuja ya kusema?


Kalemie, tarehe 10 Desemba 2023

Mama,

Salamu zangu leo ni fupi. Niko mzima.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na mgongo. Mtoto aliandika nyuma, wewe ukaifunga bila kuigeuza. Namnukuu kwa mstari mmoja tu: "Aliponimwagia alikuwa na furaha sana." Anakulinda, Mama. Mtoto wa miaka tisa anatapika miezi mitatu ili asikuvunjie furaha.

Pudre wanamwagiwa wale wa mbele, na wale wanaomaliza shule. Wa thelathini na moja anapigwa busu nyumbani na kuambiwa ajitahidi. Kila mtu Uvira anajua hivyo. Wewe ulileta ngoma! Na Madamu Nicole alipokuambia, kengele ikalia. Kengele gani hiyo, Mama? Mimi nimesoma shule ileile. Kengele yake ni chuma cha gari kinachogongwa mara tatu basi.

Kisha ukampa unga wa njano.

Nakuja tarehe 23. Nitamchukua akae nami huku, aanze shule mpya ambako hakuna anayemjua. Mwandalie nguo zake. Na usimguse kwa sababu aliandika.

Ernestine


Kasenga, tarehe 17 Desemba 2023

Kwa Ernestine.

Naishi. Mbuzi wanaishi.

Mutoto sikumgusa. Nimeficha penseli tu.

Zamani zetu, aliyesomwa jina ndiye aliyepita. Aliyeanguka hakusomwa, alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma kama kuku aliyenyeshewa. Walisoma jina la mujukuu wangu mbele ya wazazi wote wa Kasenga. Nifanye nini? Nipige miayo? Nilinunua ile pudre kwa mwezi muzima nikiificha chini ya kitanda. Sijutii.

Njoo umchukue. Nguo nimezifua, zimekauka, zimekunjwa.

Bernardine


Kasenga, tarehe 14 Januari 2024

Ernestine,

Krismasi imepita. Mwaka mupya umepita. Hata wafalme watatu wamepita, na wao walitoka mbali kuliko Kalemie, tena kwa ngamia.

Sikuandika mapema kwa sababu hasira ilikuwa inatoboa karatasi na sikutaka Gaspard aseme ni uzee.

Nakueleza vile ilikuwa. Tarehe 23 tulikwenda bandarini Kalundu, yeye amevaa ile sketi, nimeikaza kwa pini. Boti ikaja, wakatoka watu, magunia, kitanda kimoja, jogoo mumoja. Weye hukutoka. Akasema, "Atakuwa kwenye ile ya kesho." Tarehe 24 tukarudi. Tarehe 26 akanivuta tena, sikutaka, nikaenda. Alikaa juu ya gunia la muntu, mufuko wa nguo kwenye magoti, anahesabu wanaoshuka. Mwenye gunia akataka gunia lake. Nikamwambia ajaribu kulichukua aone.

Shule imefunguliwa tarehe 8. Haendi. Hana tena tumbo, hatapiki, hana hata homa ya kunidanganya. Anaamka, anafagia, anakaa nyuma ya mulango. Nikimwambia vaa, anavaa. Nikimwambia toka, miguu haitoki. Nilichukua fimbo. Akanitazama tu, akangoja nimalize. Nikairudisha fasi yake.

Na haulizi tena. Yale maswali yake yalikuwa yananichosha; sasa nayatafuta ndani ya nyumba kama kuku aliyepotea. Juzi nilimuuliza mimi: "Je, Tate akifa nani atafunga mulango?" Akasema, "Sijui." Basi. Sijui.

Madamu Nicole alikuja mpaka hapa kwa miguu. Anasema akikosa mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, atarudia mwaka, na mutoto wa namna hii akirudia hatarudi kabisa. Nilimpa kiti. Kumbe ile sauti ya mbu inasikika vizuri kukiwa kimya.

Sasa sema kwa nini hukuja. Na usiniandikie upepo.

Mama yako


Kalemie, tarehe 4 Februari 2024

Mama,

Nilianza barua hii mara tano. Nne zimewasha jiko.

Nina mimba ya miezi saba. Baba yake anaitwa Ildephonse, anatengeneza mafriji, ni mtu mpole, halewi. Alitaka kuja kwenu tangu mwezi wa tisa kujionyesha na mimi ndiye niliyemzuia. Muuguzi alinikataza boti kwa sababu nilikuwa navuja damu mwezi wa kumi na mbili. Hilo ni kweli. Lakini hata bila damu sijui kama ningepanda. Tarehe 22 nilifunga mzigo, nikaufungua, nikaufunga.

Niliogopa mdomo wako, Mama. Nina miaka thelathini na mbili, nina mashini yangu mwenyewe, na niliogopa. Nilikuwa naona utakavyosimama bandarini, unitazame tumbo mbele ya watu, na useme neno moja ambalo Kalundu nzima ingelirudia mpaka Pasaka.

Na Ornella nilimwogopa zaidi. Baba yake alienda kwenye machimbo akapata mtoto mwingine, na hakurudi. Nimwambie nini? Kwamba na mimi nimepata mwingine?

Sasa nimekaa huku nalia na nashona sare za watoto wa wengine. Ukitaka, Ildephonse atakuja kumchukua. Wewe amua. Mimi sina tena akili.

Mtoto wako


Kasenga, tarehe 25 Februari 2024

Kwa Ernestine, na kwa huyo aliye ndani, ambaye hajanikosea kitu,

Goti la kulia nalo limeanza, nilikuambia. Ziwa limeingia kwenye uwanja wa kanisa. Padri sasa anabeba mabenchi.

Ule mustari wako juu ya mudomo wangu nimeusoma mara nne, kisha nikaenda kuuangalia kwenye kioo. Ni mudomo wa kawaida. Meno mawili yamepungua. Nilikaa nao siku tatu bila kuutumia, jirani akaja kuuliza kama nimefiwa.

Juu ya mimba sisemi. Ningekuwa na mengi, ningeanza na upepo. Lakini sisemi. Huyo wa mafriji aje na baba yake muzazi, si peke yake kama muntu anayeuza saa.

Sasa sikiliza. Kwetu mukubwa haombi mutoto musamaha. Anampa kipande cha nyama kilicho kizuri, na mutoto anaelewa. Kwa hiyo Jumamosi nilipika mbuzi. Nikamwekea paja. Akalitazama paja, akanitazama, akala bugali na mboga. Paja likapoa. Nikaona nyama imeshindwa, itabidi nitumie mudomo.

Nikasema, "Muke mwenzangu" (unajua namwita hivyo tangu azaliwe), "ile pudre ilikuwa kosa."

Akauliza, "Kosa la nani?"

Mungu wangu, anataka na jina! Nikasema, "Langu."

Akarudi kwenye mboga yake. Nikaona sijafika. Basi nikamwambia jambo ambalo weye mwenyewe huna. Nimewaambia nyote kwamba baba yangu alinitoa shuleni nikachunge. Baba hakunitoa. Nilikuwa mwaka wa nne kwa Masista. Sista aliniita ubaoni kusema hesabu ya kuzidisha, ya saba. Nilikuwa naijua, usiku nilikuwa nimeiimba. Nikasimama, nikageuka, nikaona macho arobaini, na nikakojoa. Si kidogo. Ikateremka, ikazunguka meza, ikafika kwenye viatu vya Sista, na viatu vya Sista vilikuwa vyeupe. Nikatoka kwa dirisha. Sikurudi mpaka leo.

Ornella akauliza, "Viatu vilibadilika rangi?"

"Sikukaa kuangalia."

Akaanza kucheka, Ernestine. Alicheka mpaka akalala chini. Alinicheka mimi mama yako, mukubwa wa nyimbo, na nilikaa pale nikingoja amalize, nafurahi kama mujinga. Kisha akakaa, akajipangusa, akauliza, "Kisha ukafanya nini?"

"Kisha nikachunga mbuzi."

"Siku zote?"

"Siku zote. Mpaka naolewa."

Akafikiri. Sikumwongezea neno. Muuguzi wako angenisifu.

Nilipoona mulango umefunguka, nikamwambia na lako. Kwamba una mutoto tumboni, kwamba ulitoka damu, kwamba boti ilikatazwa. Ukinikasirikia, kasirika. Tulikuwa tunamwambia "hakuna kitu", weye kutoka huko, mimi kutoka hapa, naye anajua kuna kitu, anakijaza mwenyewe. Na unajua alikijaza nini? Aliniuliza: "Ni kwa hiyo hakuja?"

"Ndiyo."

"Si kwa sababu mimi ni wa thelathini na moja?"

Hapo nilitaka kutupiga sote wawili, weye na mimi, kwa fimbo moja.

Nilijifunza kitu, na nakiandika mara moja tu, usinikumbushe. Mutoto wa miaka mitano ukimmwagia pudre anacheka, ataomba nyingine. Wa miaka tisa anaangalia kwanza nani anamwangalia. Mimi nilidhani bado iko na mitano. Nilikuwa nafurahi kwa mutoto wa zamani.

Usimtume muntu kumchukua. Usimtume na usimkataze. Ataulizwa mwenyewe.

Jumatatu alikwenda. Usidhani alitoka kama simba. Alifika kona, akarudi, akafika tena. Jumanne hakwenda. Jumatano akaenda. Madamu Nicole hamwiti ubaoni kwa sasa, anamwacha ajibu akiwa kwenye benchi, Noella pembeni yake. Mutoto mumoja alipuliza chaki, Madamu akampa kitambaa afute ubao wiki nzima, naye sasa ndiye mwenye nywele nyeupe. Nilitaka kwenda kumwongezea. Ornella akaniambia, "Tate, kaa." Nikakaa. Mimi!

Kula. Paja lile tulilila Jumapili, lilikuwa gumu.

Bernardine


Kasenga, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024

Ernestine wangu,

Nadhani hii itakukuta hujalala vizuri, ukitafuta upande wa kulalia na upande hakuna. Lalia wa kushoto. Weye pia ulikuwa unanipiga mateke upande wa kulia.

Pasaka tumeimba vizuri, maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ildephonse na muzee wake wamefika wiki jana. Ni mufupi. Hakusema sana, akaona friji ya jirani iliyokufa miaka miwili, akaifufua kabla ya chakula. Sijamsifu. Nimempa tu kipande cha nyama kilicho kizuri, na yeye akaelewa.

Nilimuuliza Ornella mbele yao: Kalemie au hapa? Akaomba kufikiri. Alifikiri siku mbili, mafuta ya taa yakaisha kwa sababu ya kufikiri kwake. Anasema atamaliza mwaka hapa, na Noella na Madamu Nicole, kisha mwezi wa saba atakuja kwako kuona mutoto, na huko ataamua tena. Anasema, "Kuamua si mara moja, Tate." Sijui haya anayatoa wapi. Nimesema sawa. Weye pia utasema sawa, ingawa utalia.

Sasa jambo la Alhamisi. Walitoa buletini, karatasi za alama za muhula. Si proklamasio kubwa ya mwezi wa saba, ni darasani tu, lakini wazazi wanaitwa na majina yanasomwa kwa mustari, wa kwanza mpaka wa mwisho. Jumatano jioni Ornella alisimama mbele yangu, mikono mugongoni, kama direkteri.

"Unaweza kuja."

"Asante."

"Peke yako."

"Peke yangu."

"Bila kitu mukononi. Na usiseme neno. Hata moja. Hata amina."

Nikaapa. Nilivaa kitenge kisichopiga kelele, nikaketi benchi ya nyuma, ile ya watoto, magoti yamefika masikioni. Alikuwa na jasho juu ya mudomo, nililiona kutoka kule. Shati lilikuwa linaenda juu na chini. Alinitazama mara moja kuhakikisha kwamba sina ngoma.

Madamu Nicole akaanza kusoma. Wa kwanza, wa pili, wa kumi. Noella wa kumi na nne. Thelathini ikapita. Thelathini na moja ikapita, wengine wakageuza shingo kumtazama, na mimi nikauma kitenge. Wa thelathini na nane: Ornella. Amekosa wiki sita, ulitaka nini?

Hakuomba ruhusa ya chooni. Alisimama, akashika meza kidogo, akaiacha. Akatembea mpaka mbele kwenye macho yote yale, akapokea karatasi kwa mikono miwili, akageuka. Kuna mumoja alipuliza, fuu, kidogo. Alisikia, nilimwona amesikia. Akaendelea kutembea. Hakurudi fasi yake. Akaja mpaka nyuma, akanisukuma, akaketi karibu yangu.

Nilikaa kimya, Ernestine. Naapa kwa kaburi la baba yako, nilikaa kimya kama jiwe la kusagia. Nikatazama mbele. Majina yakaendelea, thelathini na tisa, arobaini. Kisha nikasikia kiwiko ubavuni.

"Tate," kwa sauti ndogo. "Haufurahi?"

"Nafurahi mpaka nitapasuka."

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akahesabu waliokuwa wanatutazama. Akawaza.

"Basi piga makofi," akasema. "Mawili tu."

Nikapiga mawili. La tatu lilitaka kutoka, nikaukalia mukono.

Mama yako,
Bernardine